Jabali bovu lina wenyewe!

UKISIKIA mtu anasema anapenda kupanda majabali, haraka haraka unapata picha ya kijana mwenye misuli, ananing'inia kwenye ukuta wa jiwe gumu, nyuma yake bonde na jua linazama, kama zile picha za kalenda. Jiwe lenyewe lazima liwe la maana: gumu, kavu, refu, maarufu, lenye wageni kutoka kila pembe ya dunia. Sawa. Wapo hao, na mimi sina ugomvi nao.

Leo nawazungumzia wengine kabisa. Hawa wanapenda majabali mabovu. Namaanisha mabovu kwelikweli: yanayomeguka mkononi kama andazi la juzi, yanayomwaga mchanga ukiyagusa, yenye ukoga wa kijani, yaliyojificha chini ya miti ambako hata jua halifiki sawasawa. Majabali ambayo mpandaji mwenye jina lake akipita na gari hapunguzi hata mwendo. Lakini wenyewe wapo pale kila Jumamosi na Jumapili, mwaka hadi mwaka, na ukiwaambia kuna jabali bora mahali pengine wanakuangalia kama umemtukania mtu mama yake.

Wapandaji wa Uingereza wana neno lao la kijiweni kwa mawe ya namna hii: chosi. Mara ya kwanza kulisikia nilidhani kuna mtu anaongea Kiswahili, anasema "chosha". Na wala hakuwa mbali na ukweli!

Mimi ni mtoto wa Moshi, ingawa siku hizi riziki imenitupa majuu, London. Na mtoto wa Moshi anakua na vilele viwili mbele ya macho, Kibo na Mawenzi. Kibo ndiye anayepigwa picha. Mita 5,895, kofia ya theluji, makumi ya maelfu ya watu wanakwenda kumjaribu kila mwaka, wengine hata ngazi za ghorofa ya tatu hawapandi bila kuhema. Mawenzi yuko pembeni na mita zake 5,149, wa tatu kwa urefu Afrika baada ya Kibo na Batian wa Mlima Kenya, na hakuna anayemjali. Amechongoka, amechakaa, mawe yake ya volkano yamepasukapasuka na yanaporomoka. Wazee wa Kichagga wana hadithi yake. Eti Mawenzi alikuwa akienda kwa ndugu yake Kibo kuomba moto, na kila akienda anapewa na chakula. Akaona hapa pana ulaji. Akawa anauzima moto makusudi ili apate sababu ya kurudi. Kibo uvumilivu ukamwisha, akamshukia na mchi wa kutwangia. Ndiyo maana mpaka leo Mawenzi ana sura ya mtu aliyepigwa.

Nimeanza na Mawenzi ili ujue kwamba jabali bovu mimi nimelijua tangu utotoni. Sikujua tu kwamba kuna watu wanalipenda.

Hilo ndilo jabali?

Aliyenifungua macho ni Mkenya mmoja tunayekaa naye mtaa mmoja hapa London, fundi umeme. Mimi namwita Jirani, yeye ananiita Mbongo, mambo ya Afrika Mashariki hayo. Jirani alijifunza kupanda akiwa kijana kwao, kwenye jabali la Lukenya, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Lukenya ni jiwe la kueleweka, na wapandaji wa Nairobi wamelichezea kwa miongo mingi. Kwa hiyo aliponialika "kwenye jabali letu la huku", nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Ulaya, bwana!

Tukapanda treni stesheni ya London Bridge, kama saa moja hivi kwenda kusini, tukashuka kituo kidogo kinaitwa Eridge, tukakata mashamba na msitu kwa miguu. Mahali penyewe panaitwa Harrison's Rocks. Nilipopaona nilicheka.

"Jirani, hilo ndilo jabali?"

"Ndilo hilo."

"Hilo si jabali, kaka. Hilo ni ukuta wa gereji."

"Ngoja upande kwanza, Mbongo. Halafu tutaongea."

Ni safu ya mawe katikati ya miti, mahali parefu kabisa kama mita 10 tu. Rangi ya kahawia yenye kijani. Vishikio vyake vyote ni vya mviringo, hakuna pa kukamata vidole vikakaa. Nilifungwa kamba, nikapewa viatu vya raba vinavyobana kama adhabu, nikaweka mkono. Mchanga ukabaki kiganjani. Siyo vumbi, mchanga! Nilifika kama mita 4 kutoka ardhini, na hapo ndipo mwili wangu na mimi tulipokubaliana kwamba panatosha.

Nilipokuwa nimekaa chini napumua alifika kijana mmoja aliyejaa kifua, fulana bila mikono, mtu wa zile kuta za bandia za ndani ambako vishikio ni vya plastiki na vina rangi kama pipi. Alijaribu njia ileile. Akaanguka. Akajaribu tena kwa hasira, akaanguka. Mara ya tatu akasema jiwe lina unyevu. Baada yake akaja mama mmoja wa umri wa shangazi yangu, mvi kichwani, suruali ya kufanyia bustani. Akafuta soli za viatu vyake kwa kitambaa, akapanda taratibu kama anayepanda ngazi ya dari kushusha magunia. Hakuvuta kitu kwa nguvu hata mara moja. Kazi yote ilikuwa miguuni.

Hapo Jirani akanikonyeza.

Ukingo wa kisima

Sasa nikueleze kwa nini jiwe hili ni bovu, maana ukilielewa hilo ndipo utawaelewa watu wake. Ni mwamba wa mchanga, uliolala huko tangu zama za dinosaria. Chembe zake za mchanga zimeshikana kwa gundi hafifu sana. Kwa karne nyingi maji yanayotoka ndani na kukaukia nje yamejenga ganda gumu kidogo juu ya uso wake. Fikiria boflo iliyokaa siku mbili, juu ganda na ndani laini. Ganda likishatoboka, kilichobaki ni mchanga unaosubiri kuondoka. Na likiloa ndiyo basi tena, jiwe linapoteza nguvu. Ndiyo sababu baada ya mvua mwenyeji hapandi, hata kama juu limeonekana kukauka. Anayepanda siku hiyo ataondoka na kishikio mfukoni.

Umewahi kuona kisima cha zamani, kile cha kuvuta ndoo kwa kamba? Tazama ukingo wake. Kamba laini ya katani imechimba mifereji kwenye jiwe gumu. Basi Harrison's Rocks kuna mifereji ya namna hiyo juu ya ukuta, mingine unaingiza mkono. Ni kamba za wapandaji wa zamani zilizokuwa zikipita ukingoni huku zimebeba mtu. Siku hizi mwiko. Kwanza unafunga kamba nyingine isiyonyumbuka kwenye mti au kwenye chuma kilichowekwa juu, unaiteremsha mpaka ipite ukingo, na chini yake unaning'iniza karabina, yale mapete ya chuma yenye mlango. Kamba inayotembea inatembea ndani ya chuma, jiwe haiguswi. Kupanda huku unapachika vyuma kwenye nyufa, kama wanavyofanya kwenye majabali magumu, hakuruhusiwi, kwa sababu ukianguka chuma kinatoka na kipande cha mlima. Viatu lazima viwe safi na laini. Brashi ya waya ukionekana nayo, bwana, utasimuliwa!

Jabali hili leo ni mali ya Baraza la Wapanda Milima la Uingereza, BMC, na kupanda ni bure. Mengine ya jirani, kama High Rocks na Bowles, unalipa kiingilio. Watu wa London wamekuwa wakija hapa tangu miaka ya 1920. Njia zina majina, na majina mengine ni vichekesho vyenyewe. Kuna moja inaitwa Unclimbed Wall, yaani ukuta usiopandwa. Imepandwa na maelfu! Hakuna aliyejisumbua kubadilisha.

Mwenyeji na mgeni

Nilimuuliza Jirani swali ambalo bila shaka na wewe unalo kichwani. Kwa nini? Uingereza ina Wales, ina Peak District, ina Lake District, kote huko kuna mawe magumu yanayosifiwa duniani. Kwa nini ung'ang'anie kibanda cha mchanga?

Jibu la kwanza lilikuwa la mfukoni. London haina jabali. Wales ni mwendo wa saa nyingi kwa gari, na fundi umeme asiye na gari anayefanya kazi mpaka Ijumaa usiku hana hizo saa wala hizo pauni. Huku ni tiketi ya treni na mkate wa kubeba. Wakati wa kiangazi, ambapo saa tatu usiku bado kweupe, kuna wanaotoka kazini wakaja kupanda na kurudi kulala kwao. Kwa hiyo tusidanganyane, mapenzi haya yalianza kwa ukata. Mtu hupenda cha karibu kwa sababu ndicho anachokifikia.

Lakini ukata peke yake hauelezi kwa nini wenye magari nao wapo pale.

Jirani alinifundisha kugonga. Kabla hajakiamini kishikio anakigonga kwa kiganja na kusikiliza, sawasawa na unavyochagua tikiti maji pale Kariakoo. Kikitoa sauti nzito, kizima. Kikilia kama debe tupu, mwachie mwenye haraka. Halafu hakivuti kuja kwake, anakikandamiza kwenda chini, maana jiwe linaloweza kubeba uzito wa chini linaweza kung'oka likivutwa nje. Uzito anaugawa, robo hapa, robo pale, ili hata kimoja kikikatika vingine vimshike. Kwenye jiwe gumu, anasema, unapanda mlima. Kwenye jiwe bovu unaongea nao.

Na maongezi hayo hayana mkato. Njia inayoandikwa nyepesi kwenye kitabu cha mwongozo inamwaibisha mgeni hodari, kwa sababu hajui kwamba pale katikati kuna mahali pa kuweka kisigino ambapo hapaonekani kutoka chini. Mwenyeji anapajua, alionyeshwa na mwenyeji mwingine. Hapo ndipo nilipomwelewa yule kijana wa kifua na yule shangazi.

Kisha Jirani akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. London unaweza kukaa miaka mitatu usijue jina la mtu wa mlango wa pili. Unapishana naye kwenye ngazi, anatazama simu.

"Lakini hapa," akasema, "nikikosa wiki mbili kuna mtu ananiuliza nilikuwa wapi. Kule kwenye majabali makubwa, hata nikianguka, watauliza kwanza ile kamba ni ya nani."

Tulicheka, lakini sikuliona kuwa ni utani. Jabali maarufu halina mwenyeji. Watu wanakuja na orodha, wanapanda, wanapiga picha, wanaondoka. Jabali ambalo hakuna mwingine anayelitaka lina nafasi ya mtu aliyetoka mbali, asiye na ukoo wala mjomba katika nchi ile, akageuka mwenyeji. Nilimwona kwa macho yangu Mkenya huyu akiwaelekeza Waingereza watatu, wazungu watupu, wapi pa kuweka mguu kwenye jiwe la kwao! Na wakamsikiliza.

Watu wa chaki

Kama unadhani hao wa mchanga wamepitiliza, ngoja nikupe wa chaki. Ndiyo, chaki hiihii ya mwalimu. Pwani ya kusini ya Uingereza kuna kuta ndefu za chaki nyeupe zinazotazama bahari. Ile ya Beachy Head inafika mita 162. Ndani yake kuna mistari ya gumegume, yale mawe ya kuwashia moto. Kuta hizi zinadondoka zenyewe bila kuguswa na mtu. Kipande kikubwa cha Beachy Head kilianguka Januari 1999, na mwaka 2001 mnara wake uliokuwa ukiitwa Devil's Chimney ukaporomoka. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Dover.

Na bado kuna waliopanda. Mmoja wa mwanzo alikuwa Aleister Crowley, aliyepanda Beachy Head mwaka 1894 akiwa kijana mbichi. Huyu baadaye alijulikana zaidi kwa mambo ya uchawi, na mwaka 1902 alikuwa kwenye msafara uliojaribu K2, mlima wa pili kwa urefu duniani. Karibu miaka 90 baadaye akaja Mick Fowler, afisa wa kodi wa London. Watu wa kodi tunawajua kwa mengine, lakini huyu kazi ikiisha alikuwa anageuka. Majira ya baridi yeye na wenzake walizoea kuendesha gari usiku kucha kwenda Scotland kupanda barafu, wakarudi Jumatatu ofisini. Ni mbali mno! Wakagundua kwamba kule Dover, karibu na nyumbani, kuna ukuta mweupe laini ambao shoka la barafu linaingia vizuri tu. Basi miaka ya mwanzo ya 1980 wakaanza kupanda chaki kwa mashoka mawili mikononi na meno ya chuma miguuni. Kujilinda walikuwa wakipigilia msumari mnene wa chuma, na wapandaji wa huku huo msumari wanauita ngiri. Ngiri wetu yule yule! Wanafika juu weupe kama waokaji mikate.

Huyu Fowler siyo mtu wa vituko tu. Mwaka 2002 yeye na Paul Ramsden walipanda Siguniang huko China kwa njia iliyowapa tuzo ya Piolet d'Or, ambayo ni kama kombe la dunia la wapanda milima, na ameipata tena zaidi ya mara moja. Mtu wa kiwango hicho, na jabali lake la mazoezi lilikuwa chaki.

Msimamo wangu nitausema wazi. Watu wa mchanga nawaelewa, watu wa chaki siwatetei. Mchanga wa Harrison's una kamba kutoka juu, ukikosea unaning'inia, unachekwa, basi. Chaki ukikosea kuna ngiri mmoja kwenye ukuta laini na mawe ya bahari chini. Na tafadhali, msomaji wangu wa Kunduchi, usije ukachukua sururu mbili ukaenda kujaribu kwenye machimbo ya kokoto. Hutapewa kombe lolote.

Ila siwezi kukataa kwamba mwamba laini unalea watu. Tazama Ujerumani, kusini-mashariki ya mji wa Dresden kando ya mto Elbe, kwenye minara ya mwamba wa mchanga iliyopandwa tangu karne ya 19. Huko vyuma vya kupachika nyufani ni marufuku, mpandaji anajilinda kwa mafundo ya kamba anayoyabana kwenye ufa. Unga wa magnesia wa kukaushia mikono marufuku. Kupanda likiwa limeloa marufuku. Kutoka kwenye minara hiyo alitoka Fritz Wiessner, aliyehamia Marekani mwaka 1929 na miaka kumi baadaye akakaribia kabisa kilele cha K2 kabla ya kugeuka. Na enzi za Ujerumani Mashariki, mipaka ilipofungwa, akina Bernd Arnold hawakuwa na pa kwenda wakalichimbua la kwao. Arnold mara nyingi alipanda peku, na njia zake zilikuwa miongoni mwa ngumu kabisa za wakati ule. Hakuna aliyewauliza kama wangependa jabali lingine.

Linaisha

Sasa kuna jambo linalouma, na wenyeji wa Harrison's hawapendi kuliongea mbele ya mgeni. Jabali linaisha, na wanaolimaliza ni walewale wanaolipenda.

Kuna mzee mmoja pale, dereva wa basi mstaafu, amekuja tangu akiwa mvulana. Alinichukua kando akanionyesha tundu la kuweka mguu. Akasema alipokuwa mdogo lilikuwa linaingia ncha ya kidole gumba cha mguu. Sasa linaingia nusu ya kiatu. Hakusema ni miguu ya nani. Alisimama tu akilitazama, na mimi nikatazama viatu vyake.

Kila mkono unaondoka na chembe. Wapandaji wamejaribu kuziba, kuna sehemu utaona viraka vya saruji na gundi kwenye mifereji ya kamba na kwenye vishikio vilivyochakaa. Wengine wanasema viraka vinalitia jabali aibu. Wengine wanasema bila viraka wajukuu watakuta tuta la mchanga. Na kuna wasiopanda kabisa ambao nao wana haki yao. Mawe ya jirani ya Eridge Green yako chini ya Sussex Wildlife Trust, kwa sababu kwenye nyufa zenye unyevu za ukanda huu huota mimea adimu, ikiwemo aina ya kangaga mwembamba sana anayebeba jina la mji wa hapo jirani, Tunbridge. Ule ukoga wa kijani niliouona mimi kama uchafu, kwa mwingine ndiyo hazina. Mpandaji akisugua ukuta apate pa kushika, anafuta kitu ambacho hakirudi upesi.

Nilimuuliza mzee kama basi si bora kuacha. Akaniambia tukiacha atafagia nani? Nikaona ananikwepa. Baadaye nikamtazama vizuri. Alipanda njia mbili nyepesi tu siku nzima. Muda uliobaki alikuwa na ufagio na ndoo, anaondoa mchanga na majani juu ya ukingo ili kamba na viatu visiusage. Wageni walimpita bila kumsalimia, wakidhani ni mfanyakazi wa pale.

Nikamkumbuka Mawenzi. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo mwaka 1889 walimjaribu na yeye, akawashinda. Ikapita miaka 23 mpaka Eduard Oehler na Fritz Klute walipofika juu yake, mwaka 1912. Mwaka 1955 ndege ya East African Airways ilijigonga kwake wakafa watu wote 20 waliokuwemo. Mpaka leo wanaompanda ni wachache sana, wanaanza kabla ya jua kutoka, wakati barafu bado imeshikilia mawe, maana likipata joto yanaanza kushuka. Mawenzi hana viraka wala ufagio, na hana haja navyo, hakuna miguu ya kutosha ya kumchakaza. Nilipomsimulia Jirani akanyamaza, kisha akauliza nauli ya kwenda Moshi ni shilingi ngapi. Nikamwambia aanze na Kibo kwanza kama watu wengine. Akasema, "Na foleni ile? Zii!"

Huku mvua imenyesha tangu Jumanne, kwa hiyo Jumapili hii hakuna kupanda Harrison's, jiwe limeloa mpaka ndani. Hata hivyo jana usiku Jirani amenipigia, treni ni ileile ya asubuhi. Nimemuuliza tunakwenda kufanya nini. Kasema mzee goti linamsumbua na ndoo za mchanga ni nzito, nije na glavu.